Mama Celestine Nekoye Ooko na Mitufaha ya Seme, 1952–2025

Marehemu Mama Celestine Nekoye Ooko alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 katika kijiji kilicho juu ya Kimilili, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mahali ambapo mtu akiamka asubuhi huiona pumzi yake mwenyewe. Wazazi wake walikuwa Mzee Paulo Wakhungu na Mama Nabututu, ambao wote wametangulia kwa Baba. Mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa mchanga, kwa hiyo Celestine alilelewa kama kifungua mimba. Mdogo wake, Waliaula, alizaliwa mwaka wa 1955 na alikulia mgongoni mwake. Mama mwenyewe alipenda kusema kwamba alijifunza kutembea akiwa mzigo, kisha akajifunza kutembea akiwa na mzigo.

Baba yake alikuwa kibarua katika shamba la matunda la mlowezi mmoja karibu na Kitale. Huko alijifunza kuunga miti, yaani kukata kijiti cha mti mzuri na kukifunga juu ya shina la mti mwingine mpaka viwe mti mmoja. Mwaka wa 1962 mwenye shamba aliuza kila kitu ili arudi kwao, akawaambia wafanyakazi wachukue walichotaka katika vilivyobaki. Wengine walichukua madirisha, wengine mabati na makopo ya maziwa. Mzee Wakhungu alirudi nyumbani na vijiti vilivyofungwa katika gunia bichi, na kijiji kikamcheka. Yeye alikuwa ameshapanda mbegu za matufaha nyuma ya zizi, na juu ya miche hiyo akaviunga vijiti vyake. Aina tatu zilishika.

Majina ya Kizungu ya matufaha yale yalibaki Kitale, yameandikwa kwenye vibao ambavyo Mzee hakuweza kuvisoma. Nyumbani yalipewa mengine. Moja liliitwa Kiazi, kwa sababu ngozi yake ilikuwa ya kahawia na yenye kukwaruza kama kiazi kilichotoka tu udongoni. La pili liliitwa Mshono. Hili lilikuwa la manjano, lenye shavu la waridi, na lilikuwa na mstari mwembamba ubavuni kana kwamba fundi cherehani alilifungua akalishona tena. La tatu lilikuwa jekundu, liliiva kabla ya mengine yote, na hata nyama yake ilikuwa na wekundu chini ya ngozi. Hilo liliitwa Bibi Harusi. Celestine alikuwa akimfuata baba yake bustanini tangu akiwa mdogo, na Mzee hakumruhusu kula tufaha kabla hajalitazama kikonyo, jicho la chini, mbegu, na harufu ya pale linapokatwa. Waliaula hakuwa na subira hiyo. Yeye alikula kwanza.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya misheni pale Kimilili, kisha akajiunga na shule ya bweni ya wasichana, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1970. Walimu wake walimkumbuka kwa mambo mawili, sauti yake na kicheko chake. Sauti ilimpa nafasi ya kusoma neno la Mungu katika ibada. Kicheko kilimpa adhabu ya kufyeka nyasi mara nyingi kuliko mwanafunzi mwingine yeyote wa darasa lake.

Ni sauti hiyo iliyompatia kazi. Mwaka wa 1972, baada ya mafunzo, aliletwa Kisumu kuwa opereta wa simu. Siku hizo mtu hakubonyeza tu namba akapata ng'ambo. Alimpigia opereta, opereta akamwunganishia. Celestine alikaa mbele ya ubao uliojaa nyaya, na joto la Kisumu likamtesa kiasi kwamba mwezi wa kwanza alitia miguu yake ndani ya karai la maji chini ya meza. Msimamizi aliliona karai hilo. Siku ya pili alileta la kwake.

Miongoni mwa waliopiga simu kila siku alikuwa kijana mmoja karani wa bandarini, Zadock Ooko, mzaliwa wa Seme, kando ya ziwa. Mzee Zadock mwenyewe ndiye aliyeomba mazungumzo haya yaandikwe hapa, na ameapa kwamba yalikuwa hivi hivi.

"Opereta, nipe Nairobi tafadhali."

"Namba gani, bwana?"

"Namba yoyote."

"Bwana, Nairobi ni kubwa. Huwezi kupewa yote."

"Basi nipe jina lako, Nairobi iachwe."

Mama alichomoa waya. Zadock akapiga tena. Mwishowe alipewa jina, na baada ya miezi kadhaa akapewa ruhusa ya kumsalimu ana kwa ana. Walifunga ndoa ya kimila mwaka wa 1976, na tarehe 17 Desemba 1977 ndoa yao ikabarikiwa katika Kanisa la Anglikana. Mungu aliwajalia watoto watatu, Maryanne Akinyi, Frankline Ochieng na Lornah.

Siku alipoletwa Seme kwa mara ya kwanza kama mke, watu wa mume wake walisubiri kuona amebeba nini kutoka kwao. Waliona kuku, waliona mtama, waliona vikapu. Halafu wakaona mikebe mitatu ya mafuta ya kupikia, na ndani ya kila mkebe kijiti kimoja kimesimama. Mama mkwe wake, ambaye kila mtu alimwita Min Zadock, yaani mama yake Zadock, alizunguka ile mikebe mara mbili.

"Nyathina," akamwuliza, mwanangu, "hizi ni nini? Kwenu hamna kuni?"

"Ni matufaha, Mama. Baba ameniunganishia mwenyewe. Moja ya kila aina."

"Ya kuliwa?"

"Ya kuliwa, Mama. Lakini si leo."

Kwa desturi ya siku hizo mke hakupanda mti katika boma la mume, kwa kuwa kupanda mti ni kama kudai ardhi. Basi Zadock ndiye aliyeshika jembe, na Celestine akasimama kando akimwonyesha. Chimba hapa. Ongeza. Usikanyage hapo. Min Zadock alitazama kidogo, akasema kwamba mtoto wake sasa amekuwa jembe la nyar Mwa. Hivyo ndivyo watu wa Seme walivyomwita binti aliyetoka kwa watu wa lugha nyingine. Mwanzoni jina hilo lilimchoma. Baadaye ndilo aliloitikia kwa haraka kuliko mengine yote.

Mchwa walimla Bibi Harusi kabla mwaka haujaisha. Miti miwili iliyobaki ilikua ikawa na majani mazuri, lakini maua haikutoa. Mtufaha unahitaji baridi ili ulale, na usipolala hauamki na maua. Kando ya ziwa hakuna baridi ya kuulaza. Mwaka mmoja ukapita, wa pili, wa tano. Watu waliokuwa wakija kuomba chumvi waliuliza habari za matufaha kwa upole kama watu wanaouliza habari za mgonjwa. Celestine alikuwa akitoka Kisumu kila wikendi, anafika, anaweka mkoba chini, na kabla ya kunywa maji anakwenda nyuma ya nyumba kutazama matawi. Anarudi. Zadock anampa maji.

Min Zadock aliyaona hayo na akachoka kuyaona. "Kateni hiyo miti tupande mihogo," alisema zaidi ya mara moja. Mama hakumjibu vibaya hata siku moja, lakini miti hakuikata.

Kisha ikaja mwaka wa 1985. Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba alifika nyumbani akakuta mbuzi wa Min Zadock wamekata kamba, wameingia nyuma ya nyumba, na wameila miti ile majani yote. Hapakubaki hata jani moja. Ilisimama mitupu kama vile vijiti vilivyofika ndani ya mikebe. Mama aliketi chini akalia, na mkwe wake akalia pia, kwa sababu mbuzi walikuwa wake na alijua maneno aliyokuwa ameyasema juu ya miti hiyo.

"Nyar Mwa, sikuwafungulia," alisema. "Nyasaye, Mungu wetu, ananiona, sikuwafungulia."

"Najua, Mama."

"Nitawauza."

"Usiwauze, Mama. Mbuzi hajui tufaha."

Baada ya wiki tatu Min Zadock alituma mtu Kisumu na ujumbe mfupi kwamba nyar Mwa aje nyumbani haraka. Hakutaja sababu. Celestine aliomba ruhusa kazini akiwa na hakika kwamba kuna msiba. Alipofika alimkuta mkwe wake amesimama nyuma ya nyumba, na miti yote miwili imejaa maua meupe yenye waridi pembeni, na nyuki wamelewa ndani yake. Mbuzi walikuwa wameifanyia kazi ambayo baridi ingeifanya. Miti iliponyang'anywa majani ilidhani imelala, na ilipodhani imelala, iliamka.

Tangu mwaka huo, kila baada ya mavuno, mama mkwe na mke wa mwana walikuwa wakiinyima miti maji kwa muda, kisha wanasimama pamoja na kuichuma majani kwa mkono, jani moja moja, wasije wakaumiza chipukizi. Matawi yaliyopenda kusimama wima waliyafunga mawe ili yainame na kuzaa. Min Zadock alikuwa akichuma huku akiimba. Alifariki mwaka wa 1993, na hadi siku zake za mwisho alimwambia kila mgeni kwamba matufaha ya Seme yameletwa na mbuzi wake.

Furaha hiyo haikuja bila uchungu kutoka upande wa pili. Mzee Wakhungu alifariki mwaka wa 1991. Baada ya mazishi Celestine alimwomba ndugu yake kitu kimoja tu, ruhusa ya kukata vijiti vichache vya Bibi Harusi kwa kuwa wa kwake aliliwa na mchwa. Waliaula ndiye aliyekuwa amerithi boma. Wazee walikuwa wameketi wanasikiliza.

"Binti aliyeolewa hachukui mti wa boma," Waliaula alisema. "Leo ni kijiti. Kesho ni shamba."

"Waliaula, nimekubeba mgongoni."

"Hilo silikatai."

Hakumpa. Mama aliondoka bila kula chakula cha msiba, jambo ambalo kwao halifanywi. Miaka minne baadaye, akiwa kazini mbele ya ule ubao wa nyaya, binamu yake alimpigia simu kutoka Kimilili kumweleza kwamba Waliaula ameiangusha bustani yote ya Baba ili apande mahindi. Celestine alivua vifaa vya masikioni, akaviweka mezani, akatoka nje. Wenzake walisema kwamba kicheko chake hakikusikika tena humo mpaka mwaka ulipogeuka. Alipokuwa na watoto shambani aliwaambia kila mti ulitoka wapi na babu yao aliuungaje, lakini akifika kwa Bibi Harusi aliruka.

Aliachishwa kazi mwaka wa 2000, wakati mashine zilipochukua nafasi ya maopereta. Hakukaa bure hata kwa mwezi. Alikuwa ameshaunga miche mingi juu ya mashina mapya, na bustani ya nyuma ya nyumba ilikuwa imefika hadi kwenye ua. Alianza kuuza matunda na miche pale Mamboleo, kwenye njia panda, akiwa amekaa katikati ya wauza nyanya na wauza dagaa wa omena. Wateja hawakuamini.

"Mama, hizi epo ni za Afrika Kusini. Umezipaka tu mchanga."

"Njoo Seme nikuonyeshe mama yao," alikuwa akijibu.

Kiazi ndilo lililomletea umaarufu. Kuna mama aliyenunua kilo mbili jioni akiwa na haraka, akadhani amenunua viazi, akavimenya na kuvitia kwenye mchuzi wa nyama. Kesho yake alirudi akiwa amekunja uso, na soko lote likasogea kusikia.

"Wewe mama, viazi vyako vimeharibu mchuzi wangu. Vimeyeyuka vyote. Na viko tamu."

"Pole sana, mama. Nikurudishie pesa?"

Yule mama akasita. "Pesa kaa nayo. Watoto wamelamba sufuria. Nipimie zingine."

Mwezi wa Aprili 2016, saa za alasiri, pikipiki kutoka mji wa karibu wa Kombewa ilisimama mlangoni kwake Seme. Mama alikuwa barazani akichambua maharagwe. Aliyeshuka alikuwa mzee mwembamba mwenye koti zito lisilofaa kwa joto la ziwa, amebeba mfuko. Alisimama kwenye jua hakusogea. Mzee Zadock ndiye aliyemtambua kwanza, akampa kiti.

"Dada," alisema Waliaula.

"Karibu. Kaa."

Alikaa, akanywa maji, akauliza habari za watoto. Kisha akafungua mfuko akapanga matufaha matano juu ya meza, mekundu, ya wastani, yenye kung'aa. "Kisiki kimoja kilichipuka," alisema, "kile cha karibu na zizi. Sikukikata tena. Sasa kinazaa, na watoto wa mwanangu wananiuliza ni tufaha gani. Nimekosa la kuwaambia. Wewe ndiye uliyekuwa na Baba."

Mama aliliokota moja. Ngozi ilikuwa laini, kwa hiyo Kiazi si yeye. Halikuwa na mstari, kwa hiyo si Mshono. Lilikuwa jekundu kama Bibi Harusi, akachukua kisu. Alilitazama kikonyo, akaligeuza akatazama jicho. Akalikata kwa upana, akahesabu vyumba vya mbegu, akalinusa, akatia kipande mdomoni na kufumba macho. Zadock anasema yeye na shemeji yake walikaa kama watu walio mbele ya hakimu.

"Si Bibi Harusi," alisema mwishowe.

"Una hakika?"

"Bibi Harusi ana wekundu ndani. Huyu ni mweupe mpaka kwenye mbegu. Uliukata mti chini ya pale Baba alipouunga, Waliaula. Kilichochipuka ni shina la chini, lile alilolipanda kwa mbegu."

Waliaula aliinamisha kichwa. "Basi ni mti wa pori tu."

"Sijasema hivyo." Akala kipande cha pili, polepole. "Mbegu ile ilitoka kwenye matufaha ya Kitale, na matufaha hayafanani na mama zao. Huyu hana mwenzake. Ukizunguka dunia hutampata." Akaweka kisu chini. "Lakini Bibi Harusi umemmaliza."

"Nimemmaliza."

"Kwa mahindi."

"Mwaka ule, Dada, nyumbani kulikuwa..."

"Usinieleze mahindi."

Kuku wakapanda barazani wakadonoa maharagwe. Halafu Waliaula akatia mkono ndani ya lile koti zito na kutoa kifurushi cha gazeti bichi kilichofungwa kwa kamba ya mgomba. Ndani mlikuwa na vijiti. Alikuwa amevaa koti lile njia nzima kutoka mlimani ili vijiti visipate jua.

"Siku ya kumzika Baba uliomba," alisema. "Wale uliowataka sina. Nimekuletea hawa."

Mama alilia bila kujificha. Alipomaliza alifuta uso kwa kanga, akaingia ndani, akatoka na kisu kikali na mipira ya kufungia, akamwambia ndugu yake avue lile koti waende bustanini kabla vijiti havijanyauka. Ndipo ilipobainika kwamba Waliaula, mtoto wa Mzee Wakhungu, hakuwahi kuunga mti maishani mwake. Dada yake alimshika mkono akamfundisha kukata kwa mshazari, kulinganisha ganda na ganda, na kufunga pasipo kukaza. Viwili vya kwanza aliviharibu. Alilala Seme siku tatu, na alipoondoka koti lake lilikuwa limebeba vijiti vya Kiazi na vya Mshono. Mti ule mpya Mama aliupa jina la Wakhungu, na ndio unaowapa kivuli wageni walioketi upande wa kushoto wa hema leo. Tangu siku hiyo jina la Bibi Harusi lilitajwa tena katika nyumba hii, kama mtu anavyomtaja aliyefariki baada ya kumlilia vya kutosha.

Hamu ya kujua majina ya Kitale haikumtoka. Alikuwa amewauliza watu wengi kwa miaka mingi. Mwaka wa 2019 binti yake Lornah, anayeishi mtaa wa Milimani, alipiga picha za matufaha na kuzituma kwenye kundi la watu wa nchi za mbali wanaotunza matufaha ya zamani. Watu hao walikuwa na maswali mengi. Walitaka picha ya tufaha limekatwa kwa urefu, limekatwa kwa upana, kikonyo karibu, mbegu kwenye kiganja, majani pande zote mbili. Waliuliza linanukia nini. "Linanukia ndizi iliyoiva," Mama alisema, na Lornah akaandika hivyo. Jibu lilikuja kutoka kwa watu watatu tofauti, nao wote walisema neno moja. Mshono ni tufaha la zamani la Marekani liitwalo Winter Banana.

Lornah alimtafsiria. Ndizi ya majira ya baridi.

Mama aliweka mkono kifuani. "Ndizi?"

"Ndiyo, Mama."

"Ya baridi? Hapa Seme?"

Alicheka mpaka Mzee Zadock akatoka chumbani kuuliza kuna nini, akaambiwa, naye akashindwa kusimama kwa kucheka. Kuhusu Kiazi, watu wanne walileta majina manne na wakaanza kugombana wao kwa wao. Lornah alitaka kuendelea kutuma picha. Mama akamzuia. "Waache wapigane," alisema. "Sisi tutakula."

Mwishoni mwa mwaka wa 2022 alianza kuishiwa pumzi akitembea kutoka jikoni hadi bustanini. Madaktari walimkuta na ugonjwa wa moyo kupanuka. Alitibiwa Kombewa na Kisumu, na kwa vipindi vingi alipata nafuu. Familia inawashukuru kwa dhati wauguzi na madaktari wote waliomhudumia, na majirani waliompeleka hospitali mara nyingi bila kuulizwa. Miaka miwili ya mwisho alikuwa akiiendesha bustani kutoka kwenye kiti, huku Ochieng na mjukuu wake Shantel wakichuma majani. Aliwaona kila walipovunja chipukizi, hata akiwa amewapa kisogo.

Mzee Zadock, ambaye katika ndoa ya karibu miaka hamsini hakuwahi kuwasha jiko, alijifunza kupika chai. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 5 Agosti 2025, alimpelekea kikombe kitandani. Mama alionja.

"Zadock," alisema, "hii chai imeogopa majani."

Mzee alirudi jikoni kuiongezea. Alipoingia tena chumbani, Mama Celestine alikuwa amelaza kichwa upande wa dirisha, na safari yake ya miaka sabini na mitatu ilikuwa imekwisha. Mzee anasema alikaa naye muda mrefu akiwa ameshika kikombe kwa sababu hakujua pa kukiweka.

Tulipomwuliza ni jambo gani lisisahaulike katika wasifu huu, alifikiri sana. "Mmeandika miti mingi," alisema. "Watu watadhani alikuwa mtu wa kunyamaza. Andikeni kwamba alikuwa anacheka. Nilioa kicheko. Hayo matufaha nilikuta tu yamefuatana nacho."

Marehemu ameacha mume wake, Mzee Zadock Ooko, watoto wake Maryanne Akinyi, Frankline Ochieng na Lornah, wakwe zake, ndugu yake Waliaula, ambaye amefika na jamaa wote wa mlimani, wajukuu saba, akiwemo Shantel, vitukuu wawili, na marafiki wengi wa Kisumu, wa soko la Mamboleo na wa Seme nzima.

Mama Celestine, nyar Mwa wa Seme, mchana wako ulikuwa mrefu na umeufanyia kazi. Yule aliyekuumba akupokee, akupe kivuli chake, na usingizi wako uwe wa amani.